Ukoko wa Kiko

Mama aliponiita nyumbani kutoka Geita aliniachia maagizo matatu: uji wa bibi saa mbili asubuhi, kidonge cha presha baada ya uji, na kiko baada ya chakula cha mchana. Yeye alikuwa anakwenda Ushirombo, ambako dada yangu alikuwa amejifungua na hakuwa na mtu wa kumkanda. Akiwa ameshakaa kwenye bodaboda, mzigo mapajani, alinigeukia.

"Kidonge ukisahau atakusamehe," alisema. "Kiko usisahau."

Nilicheka. Nilidhani nimepewa kazi nyepesi.

Mimi ni mchomaji wa dhahabu. Katika duka la wanunuzi pale Geita, mchimbaji akileta dhahabu yake mimi ndiye ninayeiweka kwenye kibakuli cha udongo na kuipiga moto wa gesi mpaka iyeyuke na uchafu ujitenge. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili na imenipa imani moja: hakuna uchafu unaoushinda moto. Imenipa na kiburi pia, ila hicho nilichelewa kukigundua. Sigara sijawahi kuvuta. Kanisani kwetu hata chai ya majani ina maswali yake.

Bibi, mama yake baba, aliishi na mama kwenye kaya yetu, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Kharumwa. Kwetu Wasukuma bibi na mjukuu wa kiume hutaniana kama mke na mume, kwa hiyo tangu nina akili zangu ananiita mume wangu. Nikija likizo bila sukari huuliza kama mume wake kaoa kwingine. Mwaka juzi kiharusi kilimpitia, kikamwachia mikono inayotetemeka. Hakuweza tena kujaza kiko mwenyewe wala kushika kaa la moto. Zahanati walimshauri aache tumbaku; akapunguza mpaka kiko kimoja kwa siku, na hicho kimoja akakataa hata kukijadili. Ndicho kilichomfanya ale mchana. Alikula ili akifikie.

Siku ya kwanza nilikijaza kama ninavyoshindilia gunia la mahindi. Alivuta, mashavu yakabonyea, hakikutoka kitu.

"Mume wangu," alisema, "umenipa jiwe ninyonye."

Basi akanifundisha, yeye amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mimi nimechuchumaa mbele yake kama mwanafunzi. Tumbaku yake ilikuwa ya msokoto, nyeusi, imesukwa kama kamba. Unakata vipande vyembamba, unavisugua viganjani mpaka viachane. Chini unaweka bila kukandamiza, ili hewa ipite. Juu unakaza kidogo kwa kidole gumba. Kisha unavuta kabla ya moto. Pumzi ikipita kwa shida kidogo, ni sawa. Ikigoma, mwaga, anza upya. Halafu unaweka kaa dogo juu kwa koleo, unavuta mara mbili tatu, tumbaku inainuka, inazimika. Hapo ndipo mjinga anapodhani ameharibu. Kumbe moto wa kwanza ni wa kuiamsha tu. Unashindilia kidogo tena, unaweka kaa la pili, na hilo ndilo la kuvutia.

Nilikosea siku tatu. Siku ya nne moshi ulitoka wa taratibu, bibi akafumba macho, akasema wabeja, yaani asante. Nilifurahi kuliko inavyomstahili mtu wa umri wangu.

Kukitunza nako kulikuwa na masharti. Uache kipoe kwanza. Majivu uyagongee kiganjani, si kwenye jiwe. Mrija uupitishe unyoya wa kuku mpaka utoke mkavu. Ndani ya kichwa cha kiko kulikuwa na ukoko mweusi, mnene kiasi kwamba kidole changu cha mwisho kiliingia kwa taabu. Nilimuuliza kama niukwangue.

"Huo uache," alisema. "Huo ndio kiko chenyewe."

Nilimsikia kama mtu anavyosikia matangazo ya mnadani wakati anatafuta viatu. Jicho langu limezoea kutafuta uchafu, na pale niliuona.

Siku ya kumi, bibi alipolala baada ya kuvuta, niliamua kumfurahisha. Nilianza na brashi ya waya ninayotumia kazini. Ukoko ulibanduka vipande vipande kama wa wali, nikaufagia pamoja na takataka za jikoni, nikautupa jalalani. Sikuridhika. Mle ndani kulibaki weusi. Bomba langu la moto huwa simwachii mtu, nilikuwa nalo kwenye begi. Na mtungi wa gesi niliomnunulia mama ulikuwepo, yeye akiutumia kuwekea beseni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kibakuli cha kuyeyushia dhahabu ni udongo, kiko ni udongo, basi na kipigwe moto kitakate. Nikachomoa mrija, nikakielekezea bomba. Kichwa cha kiko kilianza kuwa chekundu, weusi ukatoweka, nikaona raha kabisa. Nikazima, nikakiweka kwenye sakafu ya saruji.

Kililia ta, kikapasuka vipande viwili.

Bibi alipoamka nilimpelekea vipande kwenye kiganja. Sikudanganya, wala si kwa uadilifu. Sikuwa tu na uongo wa kutosha. Hakuutazama ule ufa. Alikichukua kipande kikubwa, akapitisha kidole chake cha mwisho upande wa ndani, kama alivyofanya kila siku kabla sijakijaza. Kidole kikateleza.

"Umemtoa," alisema.

"Nani, bibi?"

"Babu yako."

Babu alifariki kabla sijaanza shule. Kwenye matanga yake wanawe waligawana mkuki, kigoda na baiskeli, na hakuna aliyeuliza kiko kimekwenda wapi, kwa sababu bibi alikuwa amekificha kiunoni ndani ya kanga. Ukoko ule ulikuwa wa babu, wa miaka yake yote ya kuvuta. Bibi aliongeza wake juu yake kidogo kidogo, na ulipozidi aliukwangua wake tu, asiuguse wa chini. Kila mchana moshi wake ulipita kwenye moshi wa mumewe. Mimi nilikuwa nimeufagia pamoja na maganda ya viazi.

Nilikwenda jalalani. Kuku walishapekua kila kitu. Nililia palepale, mtu mzima, na nilijichukia vibaya sana. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwenye kaya ile mjukuu nilikuwa mimi, na hata wao sidhani walinifikiria.

Bibi hakunigombeza. Aliacha tu kuniita mume wangu. Nikawa "wewe". Wewe, nipe maji. Wewe, funga mlango. Mchana alikula tonge mbili, kesho yake moja, siku ya tatu akasema uji wa asubuhi unamtosha. Nilipokaa karibu naye niliona mifupa ya mabega ikisimama chini ya kanga, nikaogopa. Nilimpigia mama simu, nikamweleza yote.

"Nilikuambia usikisahau," alisema. "Sikujua nilipaswa kukuambia usikikumbuke kupita kiasi. Tafuta kingine."

Pale mnadani Kharumwa zipo sigara za kila aina na chaja za simu za kila rangi. Kiko cha udongo hakuna. Nilipouliza, muuzaji mmoja alidhani nataka shisha. Mwisho nilielekezwa kwa mama mmoja mfinyanzi, mtu wa makamo, anayetengeneza vyungu na majiko ya mkaa. Nilimwamkia, nikampa vile vipande viwe mfano. Alivigeuza, akavinusa.

"Nani alikichoma tena?"

"Mimi, mama."

"Kilishachomwa na aliyekifinyanga," alisema. "Wewe ulikuwa unakichoma kwa niaba ya nani?"

Pale Geita wachimbaji hunibishia kutwa nzima na hawanishindi. Yule mama nilimlipa bila hata kuuliza bei. Nilimuomba afanye haraka, akanitazama kama nimetukana. Siku nne kikauke kivulini, alisema, ya tano ndipo kiingie motoni pamoja na vyungu. Nikasubiri siku tano, bibi akiishi kwa uji.

Kiko kipya kilikuwa kizuri, chekundu, chenye michirizi shingoni. Nilikitia mrija wa zamani, nikakijaza kwa ustadi wote niliofundishwa. Bibi alivuta mara moja, akatema.

"Udongo," alisema. Akanirudishia.

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini baada ya kitambo, bila kunitazama, aliendelea. Kiko kipya hakijui kazi; lazima kifundishwe. Ukipake asali ndani. Ukijaze nusu tu. Ukivute polepole, kila siku, mpaka kiwe na ukoko wake, la sivyo kitauma ulimi na kunyonya moshi wote chenyewe.

"Kifua changu hakiwezi tena kufundisha kiko," alisema. "Fundisha wewe, uliyeua kile."

Mama alituma asali kutoka Ushirombo, chupa nzima, kwa dereva wa basi. Nikapaka, nikajaza nusu, nikawasha. Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya choo mpaka nikaona nyota mchana. Niliporudi nimeshika ukuta, bibi alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, akijifuta macho kwa pindo la kanga. Nilikuwa sijasikia kicheko chake zaidi ya wiki, nikaona afadhali nitapike tena.

Jioni nilimwambia mke wangu kwenye simu kwamba navuta kiko. Alisema nikirudi nikaungame mwenyewe, nisimtume yeye.

Tangu hapo kila mchana tulikaa mlangoni pa jiko, mimi navuta, yeye anasimamia. Sivuti soda, aliniambia, nipunguze pupa. Nikiguse kiko shavuni. Kikiunguza, maana yake nakikimbiza; nikiache kizimike, hakuna dhambi kukiacha kizimike. Nisivute kingine siku hiyo hiyo, kipumzike mpaka kesho. Alinikosoa namna ya kukata, ya kugonga majivu, hata ya kukaa. Na ili anigombeze vizuri alihitaji nguvu, akaanza kula. Tonge tatu. Kisha ugali wa kueleweka na mlenda. Bado alikuwa akiniita wewe, lakini nilishukuru.

Bosi wangu Geita alinipigia mara mbili kuuliza mgonjwa anaendeleaje, nami nikamjibu kweli, kwamba anaendelea vizuri na mimi ndiye ninayeumwa. Mama alirudi kabla sijamaliza kazi. Alinikuta nimefunga macho, moshi unanitoka puani, bibi akinisogezea kigae cha makaa kwa mguu. Alitutazama sote wawili, akapita ndani kuweka mzigo.

Mwezi mmoja wa kukifundisha ulipokaribia kwisha, ndani ya kiko palikuwa na ukoko mwembamba kama ganda la kitunguu. Mchana ule bibi alinyoosha mkono kabla sijavuta. Nilimpa. Aliingiza kidole chake cha mwisho, akakizungusha, akakinusa, akanirudishia.

"Jaza," alisema.

Niliweka ya chini kwa ulegevu, ya juu nikakaza kwa gumba, nikajaribu pumzi, ikapita. Kaa la kwanza, la kuamsha. Kaa la pili. Bibi alivuta, akashikilia, akauachia moshi polepole. Akavuta tena. Nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kama kinafanana na kile cha zamani.

"Hapana," alisema. "Kile kilikuwa na babu yako. Hiki kina wewe."

Sikujua kama nimesamehewa au nimeambiwa tu ukweli. Alivuta mara kadhaa, mama akipembua mchele pembeni. Kisha akautoa mrija mdomoni.

"Mume wangu," alisema. "Nikifa, usikisafishe."

Nilimwambia sawa. Nikainuka nikaenda jikoni kumletea kaa jingine, kwa sababu kiko kilikuwa kimezimika.