Tupokigwe wa Ilyandi, Mtunza Nyumba ya Sala

Tupokigwe alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji kimoja cha Kisiba, karibu na ziwa, mtoto wa tatu wa wakulima wa migomba waliomcha Mungu. Mwaka tunaujua kwa cheti cha ubatizo. Siku yenyewe mama yake aliikumbuka kwa mvua tu, na huku kwetu Rungwe, ambako mvua haikomi, hiyo si alama ya kumsaidia mtu. Akiwa na miaka kumi na minne, alipokuwa akipangusa mabenchi ya kanisa, alijua moyoni kwamba ameitwa kuitunza nyumba ya sala. Hakuona nuru wala kusikia sauti. Alisema tu kwamba alijisikia amefika kwao, na tangu siku hiyo hakuacha kushukuru.

Mwaka 1957 aliolewa na Ambwene wa kijiji chetu cha Ilyandi, mwana wa Mzee Jairo, mzee wa kanisa ambaye ukoo wake ndio uliotoa kiwanja cha kanisa letu. Hapo jaribu lake likaanza. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hakai naye mahali pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia migombani. Familia nyingi za Kikristo zilikuwa zimelegeza kamba. Nyumba ya Mzee Jairo haikulegeza hata kidogo. Na kanisa lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, mzee akikaa benchi la mbele kila Jumapili.

Kwa hiyo Tupokigwe alisali nje, upenuni, miaka zaidi ya thelathini. Jumamosi, mzee akiwa shambani, aliingia akafagia, akasiriba sakafu kwa udongo na kupanga maua. Jumapili alirudi upenuni, na mchungaji akampelekea Meza ya Bwana dirishani. Wageni walidhani ametengwa kwa dhambi fulani. Mchungaji mmoja mgeni alipomhurumia, alimjibu, "Nashukuru, mchungaji. Ukuta huu ninaouegemea nao ni wa kanisa."

Ikafika miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakawa wanafika hadi vijijini kutafuta maharage na viazi. Mwaka 1988 Abdala, mfanyabiashara wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu mjini, alitafuta ghala karibu na barabara. Baraza letu la kanisa likaona limepata bahati: tumkodishe kanisa, tuhamie darasa la shule, na kodi ije ijenge kanisa kubwa. Mimi ninayeandika haya nilikuwa katibu wa baraza, nami niliinua mkono. Tena ni mimi niliyemwambia Abdala kwamba ni jengo la zamani tu ambalo hatulihitaji. Mungu anisamehe. Kilichobaki ni Mzee Jairo kumkabidhi ufunguo.

Siku ya kukabidhi tulikuwa tumekaa ndani, Abdala amesimama karibu na mlango, magunia yake yameshashushwa uani. Tupokigwe akaingia. Alipita katikati ya mabenchi, akaishusha khanga kutoka kichwani mpaka mabegani, uso ukawa wazi, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake. Wazee wawili wakafunika nyuso kwa aibu. Mzee Jairo aliinuka akimbie, kama desturi ilivyomtaka, ila mlango ulikuwa mmoja tu na mkwewe alikuwa kati yake na mlango huo.

"Taata, baba yangu, nisamehe," alisema Tupokigwe. "Kwako nyumbani mimi ni mkwe, na nitakuheshimu mpaka nife. Lakini humu ni kwa Kyala, Mungu wetu, na humu mimi ni mtoto kama wewe ulivyo mtoto. Miaka yote hii nimekuachia nafasi kwa moyo mweupe, nikijua unakaa na Mungu. Leo nafasi ambayo sijawahi kuikalia unaliachia gunia la maharage?"

Wa kwanza kusema alikuwa Abdala. "Wazee wangu, kumbe hapa bado mnasali? Niliambiwa ni jengo la zamani msilolihitaji. Msikitini kwetu siweki gunia, na kwenu siweki." Akatoka kuwaambia wapagazi wapakie upya. Mimi sikujua pa kuficha uso wangu.

Mzee Jairo alikuwa bado amesimama, ufunguo mkononi. Kisha akakaa, akasogea mpaka mwisho wa benchi, akagusa ubao kando yake. "Mwanangu, kaa," alisema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu aolewe. Tupokigwe alikaa, analia na kucheka, akisema, "Ndaga, taata, ndaga," yaani asante.

Mzee huyo aliugua na kufariki mwaka 1990, na aliyemlisha uji mpaka siku ya mwisho ni mkwewe. Mwaka 1993 upepo uling'oa mapaa mengi kijijini, na paa bovu la kanisa likabaki. Tulijaa kanisani kushukuru, tukasema ni muujiza. Yeye alisema, "Msishangae bati. Shangaeni kwamba leo mmekuja wote." Alilala katika Bwana mwezi Mei 1997. Kwenye mazishi yake Ambwene, mumewe, alikaa benchi moja na Sekela, mke wa mwanawe. Macho ya Sekela yalijaa machozi hata asiweze kusoma, na baba mkwe wake akamshikia kitabu cha nyimbo, akimwonyesha mstari kwa kidole. Hakuna aliyefunika uso.

Tunamshukuru Mungu kwa maisha yake. Mama huyu alitufundisha kwamba nyumba ya Mungu inajulikana kwa nani anapata pa kukaa ndani yake. Basi, ndugu msomaji, Jumapili ijayo kabla hujafumba macho usali, tazama nani bado amesimama nje kwa sababu yako, kisha usogee.