Asubuhi Kompyuta Iliposema Hakuna Barua

Naomba mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu. Herufi zangu zinalala upande, na tahajia nitakosea, kwa sababu niliishia darasa la nane na naandika polepole sana. Ukikuta neno limekatwa, jua nilikuwa natafuta lingine.

Tunaishi Kaloleni, mimi na Mama. Kaka yangu ni mlinzi huko Uarabuni, na kupiga simu kutoka kule ni shida, kwa hiyo huandika barua za kompyuta. Macho ya Mama yamefifia. Zamani mimi ndiye niliyemsomea, lakini nikisoma kwa sauti naona haya hata mbele ya mama yangu, nameza maneno, naye ananiambia, "Rudia hapo, baba." Mama hutuita sote baba, kama watu wa kwao wanavyowaita watoto wa kiume.

Kabla ya kuondoka, kaka aliandika programu ndogo katika kompyuta yetu kuukuu. Mama akibonyeza kitufe kikubwa asubuhi, sauti inasema, "Mama, umeamkaje?" kisha inasoma barua mpya. Kama hakuna, inasema, "Leo hakuna barua." Skrini tuliizima, maana Mama alihitaji sauti tu.

Naye alikuwa anaijibu. "Nimeamka vizuri, baba. Wewe umekula?" Majibu ya barua alikuwa ananitajia mimi, nami namwandikia kaka. Jirani wa mlango wa pili, mama Mwislamu mwenye utani mwingi, akipita na ndoo husimama dirishani.

"Wallahi huyu mwanao wa chuma ana adabu. Wangu wa nyama hata salamu hana!"

"Mlete nimtie waya," Mama anamjibu.

Katika barua moja kaka aliniambia niweke toleo jipya la sheli. Sheli ni ile programu unayoiandikia amri, nayo inaifanyisha kompyuta kazi; hata ile programu ya kaka iliendeshwa nayo. Alisema hiyo mpya inakumbuka amri za jana hata ukiwa umezima mashine, na ukianza kuandika jina la faili inakumalizia. "Imetengenezwa kwa ajili yako, mwandishi wa polepole," aliandika. Niliwasha skrini, nikaiweka. Kweli, nikibonyeza mshale wa juu, amri yangu iliyopita inarudi yote, hakuna mtu wa kuniambia nifanye haraka. Nilifurahi sana na hiyo sheli, kisha nikazima skrini tena.

Kesho yake ile sauti ikasema, "Leo hakuna barua." Keshokutwa vilevile. Mama alisema, "Sawa, baba, ukipata nafasi." Wiki ikaisha hivyo. Akaacha kuuliza kama amekula. Jirani aliposimama dirishani, Mama alimwambia, "Amechoka. Kazi ya kusimama juani si mchezo." Halafu asubuhi moja alikunywa chai bila kubonyeza kitufe. Nilimwona akikifuta vumbi kwa leso, akakiacha.

Nilienda kuongeza maji kwenye birika.

Siku hiyohiyo simu yangu ikapata ujumbe kutoka kwa kaka. "Niaje. Mathe amenikasirikia? Barua zangu hajibu."

Nikamwandikia, "Barua gani?"

"Si hizo nimetuma kila siku!"

Niliwasha skrini. Barua zote zilikuwa mle, hazijafunguliwa, na chini yake sheli ilikuwa imelalamika mstari baada ya mstari. Nikayasoma maelezo ya toleo jipya, moja moja, kwa kidole. Baada ya mambo mapya kulikuwa na sehemu ya marekebisho ya kufanya amri zilezile zikubalike kwenye kompyuta za kila aina. Hapo ndipo nikaelewa. Ili kuuliza kama barua ni mpya, kaka alikuwa ameandika alama mbili za sawasawa, hivi: ==. Sheli ya zamani ilikuwa inamvumilia. Hii mpya inafuata kanuni ya mashine zote, na kanuni inajua alama moja tu. Ikikuta mbili inashindwa kulinganisha, inaruka hadi jibu la mwisho: hakuna barua.

Nilifuta alama moja. Nilijaribu kwenye sheli mpya na ile ya zamani, zote zikakubali.

"Mama, njoo ubonyeze."

"Niache, baba."

"Njoo tu."

Akabonyeza. "Mama, umeamkaje?" Kisha barua zikaanza, moja baada ya nyingine: joto, viatu vipya, ndoto aliyoota akila mrenda nyumbani. Katika kila moja aliuliza, "Mama, mbona kimya?" Mama alikaa na kikombe mkononi hadi chai ikapoa. Alikuwa anajibu zote. "Nipo, baba. Nipo. Nipo."

Zilipobaki chache alizima sauti, akaniambia, "Hizi nisomee wewe."

"Nitakwama."

"Kwama. Mimi siendi popote."

Nikamsomea. Nilikwama, akaningoja. Halafu akaniambia majibu, nikayaandika polepole, na kaka akajibu kabla ya jua kutua.

Tangu hapo, nikikuta kimya, siwezi kujua maana yake. Kwa hiyo wewe uliyesoma hadi hapa, tafadhali niandikie, hata mstari mmoja, hata kwa mwandiko mbaya kama huu, nijue kwamba barua hii imefika. Nitakujibu. Nitachelewa tu.