Sadallah na Picha ya Mina

Mtu akitaka kunipandisha hasira asubuhi na mapema, anitajie Sadallah. Wala si adui yangu. Ni ndugu yangu, na udugu wenyewe sikuuomba. Mama yake alipomzaa alishikwa na homa, maziwa yakamkauka, na mama yangu, aliyekuwa na mimi mchanga kifuani, akamchukua akamnyonyesha. Mama alikuwa akisema Sadallah alinyonya kama aliyetumwa, mimi nikabaki na kilio. Kwa hiyo tangu sijaota meno mtu huyu ananitaabisha. Bagamoyo nzima inamjua kwa kamera yake, lakini hakuna aliyetaabika naye kama mimi Ashatu.

Ujanani alikuwa akimbebea masanduku Mgoa mmoja aliyepiga picha za maofisa. Mgoa aliporudi kwao akamwachia kamera ya zamani, ile inayosimama kwa miguu mitatu, na kitambaa cheusi ambamo mpigaji huingiza kichwa. Sadallah akafungua chumba nyuma ya soko, akatundika ukutani shuka lililochorwa bustani, akajiona amefika. Ukienda kwake na haraka zako, utajuta. Anakukalisha, anakuinua, anakukalisha tena. Kofia hii imelala, ivue. Kanga hii ina maua mengi, nenda kabadili. Mzee mmoja aliyetaka picha ya pasi ya Hija alikalishwa mpaka adhana ya adhuhuri ikamkuta kitini, akaenda zake msikitini na asirudi. Sadallah akasema bora, maana mzee yule alikuwa na kidevu kibishi. Na akishapiga, picha isipomridhisha haitoki pale dukani, hata umlilie. Anaitia motoni na kukwambia uje wiki nyingine.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyelazimika kumbembeleza mwaka nilipomwoza Mina.

Mina ni mtoto wa dada yangu Mwaija, Mungu amrehemu. Mwaija aliolewa Miono na mkulima mmoja, Majaliwa, mtu mpole asiye na makuu. Dada alipofariki, Majaliwa alimleta mtoto kwangu apate chuo cha Kurani na malezi ya kike. Kila baada ya mavuno alikuja Bagamoyo na gunia lake la mahindi, akakaa barazani kwangu, akamtazama binti yake anavyopita na ndoo, anavyofagia, anavyocheka na wenzake. Hana la kusema, anatazama tu, kisha anarudi shambani kwake ameridhika.

Mina akaposwa na Muhidini, kijana wa hapa hapa aliyepata kazi bandarini Mtwara. Posa haijakauka, Majaliwa akapooza. Upande wa kulia ulikufa wote, na ulimi ukawa mzito. Akampa mdogo wake uwakili wa kuozesha, akamtuma kwangu na ombi moja, ambalo mdogo mtu alinieleza huku akitazama chini. Majaliwa alisema hivi: "Mwambie shemeji nataka kumwona mwanangu alivyovaa. Awe ananitazama."

Kumpeleka Miono ilikuwa haiwezekani. Yule mdogo mtu alifika tu, masika yakamwagika nyuma yake, mto Wami ukafurika, malori yakaacha kwenda. Kungoja nako hakuwezekani, kwani Ramadhani ilikuwa imeshabisha hodi, na Muhidini alipewa ruhusa fupi, akimaliza kuoa anapanda meli ya kusini na mkewe. Na kwa hali aliyoiacha kule, mdogo mtu alisema, hakuna ajuaye kama kaka yake ataiona Idi. Ilikuwa picha au basi. Majaliwa hakuwahi kuniomba kitu tangu azaliwe, nami niliona nisipomtimizia hilo sina uso wa kukutana na dada yangu kesho akhera.

Nilituma watu Dar es Salaam kwa fundi wa Kihindi mwenye studio. Hakutaka hata kusikia habari ya matope ya Bagamoyo. Na hata angekuja angebaki nje, maana mwari wetu haonwi na mwanamume wa kando, seuze mwenye kamera. Hapo ndipo nikalikumbuka lile lililoniudhi maisha yangu yote. Sadallah alinyonya kwa mama. Basi ni ndugu yangu, ni ndugu wa Mwaija, ni mjomba wa Mina, na mjomba hazuiwi kumwona mpwa wake. Pwani nzima hii, mpiga picha wa halali kwa Mina alikuwa mmoja, naye ndiye huyo.

Somo wa Mina, Bi Sihaba, hakuridhika. Yeye ndiye aliyemfunda mwari, na siku zile neno lake ndilo sheria ndani ya nyumba yangu. Akataka kujua kama Sadallah alinyonya mara tano za kushiba, na nani alishuhudia. Nikamwambia amtazame Sadallah na tumbo lake, kisha anitazame mimi nilivyo mkavu, ushahidi ndio huo. Hakucheka. Ilibidi nimwite Bi Mwanahija, jirani wa marehemu mama, aliyekuwa hatembei vizuri, aje kwa mkongojo kuapa kwamba kunyonya kule kulikuwa kwa miezi, na kwamba mtoto mwenyewe alikuwa akiuma. Bi Sihaba akasema haya, aje, lakini asikae sana.

Asikae sana! Hamjui Sadallah. Siku ya kupambwa alikuja nimeshamtumia watu mara chungu nzima, na kabla hajajibu salamu akaanza kulalamika kwamba chumba ni kiza. Akataka kitanda kitoke. Kitanda cha samadari, kimetandikwa, kimetiwa asumini, nje mvua! Tukakitoa. Akataka pazia la mlango liondolewe, tukaliondoa. Akawaambia wanawake waliojaa pale wajifunike na wasogee, wakisogea anasema wamefunika mwanga, wakirudi anasema wanapumua sana. Akanifahamisha, kwa sauti ya mtu anayenifanyia hisani, kwamba amebakiwa na vioo viwili tu vya kupigia, vingine vimekwama Dar kwa sababu ya njia. Nilimwuliza kwa nini hakunambia mapema. Akasema sikumwuliza.

Kisha Mina akatolewa. Mwanangu alipendeza, jamani, sitasema mengi. Hina imekolea mpaka kwenye viganja, dhahabu ya mama yake shingoni. Akakalishwa kitini, macho amefumba, kama alivyofundishwa. Kwetu mwari akitolewa kuonyeshwa hafumbui macho. Anayefumbua huambiwa hana haya, na aibu yote inamwendea somo wake.

Sadallah akaingiza kichwa kwenye kitambaa chake, akakitoa. Akasema afumbue. Bi Sihaba akasema hafumbui. Sadallah akasema yeye anapiga picha za watu, hapigi maiti. Wanawake wakashika vinywa. Bi Sihaba akamjibu kwamba amefunda wari tangu Sadallah hajajua kuvaa kikoi, na hajapata kuaibika kwa mmoja, na hataanza leo kwa ajili ya sanduku la mbao. Mimi nikaingia kati, nikaeleza habari ya Majaliwa na ombi lake. Bi Sihaba akasema Majaliwa ni mwungwana, akimwona mwanawe kafumba macho atajua amelelewa. Wakabishana hivyo, huyu na kamera yake, yule na mila yake, na mwanga wa dirishani unazidi kufifia, wingu limekaa juu ya paa. Nje watu wa Muhidini wanauliza kulikoni. Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Mwisho Sadallah akanuna akapiga hivyo hivyo, macho yamefumbwa. Kikabaki kioo kimoja. Akakipachika, akainama, na Bi Sihaba akasimama pale pale kuhakikisha. Nilimwona Mina alivyotulia, mtiifu, hana la kufanya kati ya watu wazima wanaogombana juu ya kichwa chake.

Nikasema, "Mina, mwanangu. Baba yako yuko kule ndani. Mtazame."

Akafumbua. Alitazama moja kwa moja ndani ya lile jicho la kioo, na machozi yakamjaa palepale, na mkono wake wa kulia ukainuka upesi kuyafuta. Ndipo Sadallah alipopiga. Bi Sihaba akamfunika mwari uso kwa kanga, na Sadallah akatoka kwenye kitambaa chake akinilaumu mimi. Mkono umecheza, alisema. Kioo cha mwisho kimeharibika, na nani alinituma kumliza mtoto?

Mina na mumewe wakaondoka na meli. Ramadhani ikaandama. Mimi nikaenda dukani kwa Sadallah kuchukua picha, na akanipa moja tu, ile ya macho yaliyofumbwa, safi, kila uzi wa nguo unaonekana. Nikamwuliza ya pili. Akasema haitoki. Ina doa, mkono umekuwa kama moshi, watu wataiona watasema Sadallah amezeeka mikono inamtetemeka. Nilimwambia hao watu wako Miono? Akasema Miono pia wana macho. Nilimwambia maneno mengine ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyasema. Nikakaa mlangoni kwake, nikamwambia siondoki, na mteja akija nitamweleza habari ya yule mzee wa Hija.

Akaona hatanishinda. Lakini akaweka sharti: picha ile ataipeleka mwenyewe kwa mkono wake, ili amweleze Majaliwa kwamba kosa lile si la fundi.

Mvua zikapungua, nasi tukapanda lori. Njia nzima, matope mpaka kwenye ekseli, tunashuka tunasukuma, tunapanda, Sadallah anafanya mazoezi ya hotuba yake. Atamweleza kwanza mwanga ulivyokuwa. Kisha Bi Sihaba alivyochelewesha mambo. Kisha mimi nilivyopiga kelele. Nilimsihi akae kimya mbele ya mgonjwa. Akasema kazi yake ndiyo jina lake. Nilifika Miono kichwa kinaniuma kwa njaa na kwa Sadallah.

Majaliwa alikuwa amelala barazani kwenye kitanda cha kamba. Alikuwa amekwisha, mifupa na macho tu. Tukasalimiana, tukakaa mkekani. Sadallah akatangulia kumpa ile picha yake safi, ya kujivunia. Majaliwa akaishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akaitazama kwa muda mrefu. Midomo ilihangaika kabla neno halijatoka.

"Amelala," akasema, na kuirudisha.

Nikamnyang'anya Sadallah ile ya pili kabla hajaanza, nikamwekea shemeji yangu mbele ya uso. Mina alikuwa akimtazama. Macho makubwa, yamelowa, ni yale yale ya dada yangu, na kando ya shavu ule mkono wa hina, haukai mahali pamoja, umefifia. Nikamsikia Sadallah anakohoa. Kikohozi kile nakijua tangu utotoni, ndicho kinachotangulia maneno mengi.

Majaliwa akauinua mkono wake wa kushoto. Akautikisa polepole mbele ya picha, huku na huku.

"Ananipungia," akasema. "Shemeji, mwanangu ananipungia."

Nilimgeukia Sadallah. Sikuwa na la kumfanya, nilikuwa kando ya kitanda, mbali naye, singeweza hata kumfinya. Alikuwa amefungua kinywa tayari. Akakifunga. Akaitazama ile picha yake mbovu, akamtazama mgonjwa.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Tulikuwa tunangoja akupungie."

Majaliwa alifariki Idi haijatimiza wiki. Mina alifika kwenye hitima tuliyoisoma kwangu, na ami yake akamsimulia kwamba baba yake alikuwa kila asubuhi akiipungia ile picha kabla hajanywa uji. Usiku ule nyumbani kwangu Mina alilia sana. Alisema yeye hakumpungia baba, alikuwa anafuta machozi tu, na sasa baba amekufa na jambo ambalo halikuwako.

Sadallah alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Akamkatiza kwa ukali ule ule anaowakatizia wateja.

"Ulimpungia," akasema. "Nani alikuwa nyuma ya kamera, wewe au mimi? Mimi nimekuona."

Mina akamtazama mjomba wake, akajifuta uso. Na Sadallah akanigeukia mimi, akaniuliza kwa nini chai ya nyumba hii siku zote haina tangawizi.