Rangi ya Kijani kwenye Laptop Isiyo Yangu

Naanza na aibu yenyewe ili nisije nikaizungukazunguka: mimi, mtu mzima, mama wa mapacha, katibu wa kikundi, nilichukua laptop ya mtu mchana kweupe nikaipeleka kwa fundi wa pikipiki ikapakwa rangi ya kijani. Haya, nimeshasema. Anayetaka kucheka aanze sasa, maana huko mbele ni kubaya zaidi.

Niliishia darasa la saba huko Kishapu, nikalima pamba kwa baba, nikaolewa, nikahamia huku kwenye dhahabu, na siku hizi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama wenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pale Katoro. Kompyuta nilijifunzia ukubwani, jioni baada ya kazi, kwa kidole kimoja, halafu viwili, na mpaka leo ni viwili (sioni haja ya cha tatu). Laptop ya kikundi nayo ni kubwa, nyeusi kama masizi, pembe nne za mraba, ukiibeba kwapani utadhani umebeba tofali. Jina la kampuni silitaji, msije mkasema nimelipwa au nina kinyongo. Na lazima nitende haki: ndani haijawahi kuniangusha hata siku moja. Imekula vumbi la karasha, imemwagiwa uji, na bado inawaka. Tatizo langu ni nje.

Maana kampuni ile kila ikitoa mpya, inatoa ileile. Kuna kijana wa duka mjini Geita ambaye tumezoeana, kila mwaka ananionyesha picha kwenye simu, ananiambia Mama Kulwa toleo jipya hilo, nami navaa miwani kwa matumaini, nakuta ni nyeusi, pembe nne, tofali. Ndani wamebadilisha kila kitu, ananiapia, kasi, kumbukumbu, betri, na mimi namwamini, lakini wageni wetu hawaangalii ndani, wanaangalia nje, wanasema kumbe bado mnatumia za zamani. Mwaka jana nilifikia hatua ya kuwaandikia kampuni wenyewe chini ya picha yao mtandaoni. Niliandika: Shikamooni. Laptop zenu ni nzuri sana, ila kwa heshima tunaomba nje mbadilishe hata rangi kidogo, kijani iliyokolea ingependeza, na pembe mzikatekate. Mtu mmoja akaniwekea kidole gumba. Sijui kama alikuwa wa kampuni. Nilisubiri mwaka mzima, toleo likaja, nikavaa miwani. Tofali.

Sasa mwaka huu tuliitwa makatibu wa vikundi kwenye mafunzo ya siku tatu, kwenye ukumbi mmoja Geita mjini, na siku ya tatu kila katibu angesimama mbele aonyeshe kazi ya kikundi chake kwenye ukuta. Mwenyekiti wetu, Mama Ngolo, naye alikuja, akakaa mstari wa pili kuniangalia. Lazima mwelewe kwa nini hilo halikuwa jambo dogo. Wiki iliyofuata kikundi kilikuwa kinachagua katibu upya, na kulikuwa na maneno kwamba wakati umefika wa kuweka mtu aliyesoma, na mtu aliyesoma yupo, ni mkamwana wa Mama Ngolo mwenyewe, amemaliza kidato cha nne, anaandika kwa vidole vyote kumi bila kuangalia. Mimi sina ubaya naye. Ni msichana mzuri, na mara nyingi nimejiuliza kama kweli hanizidi. Ila ukatibu nilikuwa naupenda. Ni kitu pekee ambacho nimewahi kuitwa kwa ajili ya kichwa changu, siyo mikono yangu.

Basi siku ya pili, saa ya chakula, nikaona ng'ambo ya barabara fundi anapuliza rangi kwenye matangi ya pikipiki. Anaitwa Masanja. Matangi yanang'aa kama maziwa mgando. Hapo ndipo uamuzi ule mdogo ukanijia, na ulikuja mtamu sana: kama kampuni imekataa, mimi nitajifanyia. Kesho nitasimama na laptop ambayo Geita nzima haijaiona.

Ukumbini kulikuwa na waya mmoja tu wa umeme wenye matundu mengi, kwa hiyo laptop zote zilirundikwa kwenye meza moja dirishani zipate chaji. Saba kati ya zile zilikuwa za kampuni ileile, nyeusi, pembe nne (zinapendwa huku kwa sababu hazifi). Yangu niliiweka mwenyewe asubuhi, ya tatu kutoka dirishani. Nikaenda, nikahesabu, moja, mbili, tatu, nikachomoa, nikatoka. Sikuifungua. Kuna mtu ananiuliza mpaka leo kwa nini hukufungua, na mimi namjibu kwamba mtu akienda kuchukua sufuria lake jikoni hafungui kwanza kuangalia kama ni lake.

Masanja akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza rangi gani, nikamwambia kijani iliyokolea na ukingo wa dhahabu, akaniambia rangi yake inakauka haraka, mayu (mama, kwa Kisukuma), nenda kale ukirudi utaikuta. Nikaenda kula wali maharage kwa raha zangu. Niliporudi nilimkuta amesimama kando ya kile kitu anatabasamu kama aliyejifungua. Ilikuwa nzuri, sitadanganya. Kijani kama jani la mgomba baada ya mvua, na ukingo wa dhahabu umenyooka kama umepigwa rula. Ila katikati ya mfuniko, kwa herufi za dhahabu kubwa kama kiganja, alikuwa ameongeza: MAMA KULWA KIBOKO.

Nikamuuliza hayo maneno nani kamwagiza. Akasema kwenye pikipiki huwa wanaandika, na kwamba hayo ni zawadi. Nimefikiri sana juu ya Masanja na sioni kosa lake hata moja. Alimwona mama anapenda kitu chake akampa nyongeza.

Nikaifungua kuangalia kama rangi haijaingia kwenye vitufe. Kwangu kioo kikiwaka unaona Kulwa na Doto wamevaa sare za shule. Safari hii kioo kikawaka nikaona mwanaume mwenye kipara amemkumbatia samaki aina ya sangara mkubwa kuliko mtoto, anacheka. Nikasema moyoni, huyu mtu namjua. Nikamwangalia tena. Alikuwa Bwana Edson, mwezeshaji wetu kutoka Mwanza, ambaye baada ya chakula ndiye wa kufundisha, na somo lake lote limo humo ndani. (Baadaye nilijua kwamba na yeye alikuja kuchomeka ya kwake nilipokuwa nanawa mikono, akazisogeza nyingine. Si kosa lake. Meza haikuwa yangu.)

Nikaifunika kwa khanga, ingawa Masanja alikuwa anasema nyuma yangu bado inanata, mayu, usiifunike, nikavuka barabara nimeikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Mpango wangu, kama niite mpango, ulikuwa kuirudisha mezani kimyakimya na kumwachia Mungu. Nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka imeandikwa jina langu.

Ndani kulikuwa kumechafuka tayari. Bwana Edson anahangaika chini ya meza, makatibu wamesimama, na mlinzi wa ukumbi amemweka kati Bi Zaituni, mama anayetuuzia chai, kwa sababu saa ya chakula ni yeye peke yake aliyebaki ukumbini kukusanya vikombe. Alikuwa anaambiwa atoe vitu kwenye kikapu chake. Akawa anavitoa kimoja kimoja, chupa ya chai, vikombe, kitambaa, mfuko wa sukari, anavipanga sakafuni kwa utaratibu. Mtu mmoja nyuma akasema hawa wauza chai ndivyo walivyo. Mlinzi akasema yaliyobaki atayamalizia polisi.

Niseme ukweli wote, maana bila huo haya maandishi hayana faida. Sikusimama palepale. Nilimwangalia Mama Ngolo kwenye mstari wa pili, nikaona ukatibu wangu unavyoondoka, nikamwona kichwani na yule msichana na vidole vyake kumi. Nikafikiri, labda niikwangue haya maneno chooni. Labda niilaze kifudifudi. Nikafikiri hivyo kwa muda wa kama vikombe vitatu vya Bi Zaituni. Alipofika cha nne kikombe kikamponyoka, kikagonga sakafu, na mimi nikasikia sauti yangu kabla sijaipa ruhusa.

"Mwacheni Bi Zaituni. Laptop ninayo mimi."

Watu wote wakageuka. Nikatembea mpaka mbele, nikaiweka mezani, nikavuta khanga, khanga ikakataa. Nikavuta tena. Ilipoachia ilitoka na sauti ya plasta inayobanduliwa, na maua ya khanga yakabaki kwenye kijani, na nyuzi, lakini maneno yalisomeka vizuri kabisa.

Bwana Edson aliinama akayasoma. Akauliza taratibu, "Hii ni yangu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na Mama Kulwa ni nani?"

"Ni mimi."

"Kiboko?"

"Hilo ni la fundi."

Ukumbi ulicheka mpaka mlinzi akacheka. Nikawaeleza yote, tofali, kijana wa duka, rangi, kuhesabu moja mbili tatu, na nilipomaliza nikamgeukia Bi Zaituni nikamwomba radhi mbele ya wote, nikapiga magoti, nikamsaidia kurudisha vikombe kwenye kikapu. Kisha nikamwambia mlinzi na yeye aombe. Sijui nguvu ya kumwambia hivyo niliitoa wapi, lakini aliomba. Bi Zaituni akaitikia tu kwa kichwa. Hakunishukuru, na sikustahili kushukuriwa, kwani ni mimi niliyemweka pale.

Muda ulikuwa umekwenda, laptop ya Bwana Edson ilikuwa inawaka vizuri (ndani hazina shida, nimeshasema), kwa hiyo akaichomeka akaanza kufundisha. Sasa mtu akifundisha, mfuniko unaangalia wanafunzi. Mchana kutwa nilikaa mstari wa mbele nikiandika juu ya utunzaji wa kumbukumbu huku jina langu likiniangalia kwa herufi za dhahabu, na kila aliponyoosha mkono kuonyesha ukuta, watu walikuwa hawaangalii ukuta. Picha za ule mfuniko zilifika Katoro kabla yangu. Jioni Masanja alifuta maneno kwa thina na kijani kikabaki, na Bwana Edson, ambaye mwanzoni alikasirika na alikuwa na haki, alisema ataondoka nayo hivyohivyo kwa sababu hajui atamweleza vipi fundi wa Mwanza. Siku ya tatu nikasimama na tofali langu jeusi nikaonyesha kazi yetu ya karasha, na sikukosea hata mstari mmoja, hilo nalo liandikwe.

Wiki iliyofuata kikundi kilikaa. Mama Ngolo alisimulia kila kitu mwenyewe, hakupunguza wala kunionea huruma, mpaka akafika kwenye vikombe. Hapo akarekebisha kitenge chake, akasema, "Nilikuwa nimekaa pale nikimwona, nikajua anayo, maana nilimwona anaondoka nayo. Yeye alisema. Mimi nilikuwa nimekaa kimya." Kisha akauliza nani anamtaka Mama Kulwa aendelee, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa mkamwana wake.

Nikabaki katibu, wawili tu walikataa. Nimewaandika kwenye muhtasari kwa majina na sababu zao, kama inavyotakiwa, na sababu zao zina maana: walisema katibu lazima ajue kitu chake na kisicho chake. Ni kweli. Ndiyo maana naapa hapa, kwa mwandiko wangu, kwamba sitachukua tena laptop bila kuifungua, na rangi nimewaachia kampuni. Wakiibadilisha nitafurahi. Wasipoibadilisha, nitaibeba hivyo hivyo kwapani, nikipita sokoni nikisikia watoto wanaita Kiboko, na nitageuka.