Pua ya Gundi

Rafiki yetu fundi viatu tunamwita Gundi. Miaka thelathini ya kuinamia kopo la gundi iliiua pua yake. Chakula kikiungua jikoni, yeye anauliza mbona mnakohoa.

Jumapili moja alituita kibandani kwake, mimi na shemeji yangu mfamasia. Mteja alikuwa amemwachia chupa ya divai nyekundu ya zabibu aina ya Syrah, ya miaka ishirini. Kabla hatujaifungua, shemeji akaona mashapo chini ya chupa, na kwa mazoea ya kazi yake akaitikisa kama dawa ya kikohozi. Divai yote ikawa tope.

"Shemeji, una wazimu?" nikafoka.

"Mwache," akasema Gundi. "Tuisimamishe hadi Jumapili ijayo, itatulia yenyewe."

Wiki nzima nilinuna. Siku ilipofika, Gundi akatumiminia taratibu. Nilionja pilipili manga, kisha nyama iliyokaushwa kwa moshi, wala hapakuwa na utamu hata chembe. Mimi na shemeji tukatazamana. Sijui zabibu zilijifunzia wapi mambo hayo.

Gundi alikuwa amezamisha pua kwenye glasi. Hakunywa.

"Ngozi," akasema.

"Acha utani wako," nikamwambia.

"Ngozi mpya, ndiyo kwanza imekatwa." Akanusa tena, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

Kisha akaweka glasi chini, bado imejaa, akasimama.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Mjukuu wangu ana miezi minne, na sijawahi kumnusa."