Nilionja ili Wengine Wanywe

Naitwa Zawadi, mzaliwa wa Muheto, katika vilima vya Masisi. Nimeshuka hadi hapa Walikale kwa lori la maharagwe kwa sababu muuguzi Papa Alfonsi ameniomba niseme na nyinyi vijana mliolazwa katika dispansari hii. Kitanda kile cha karibu na mlango kilikuwa changu. Nitawaeleza ugonjwa ulivyoniingia, na kilichobaki.

Nyumbani tulilima maharagwe na mihogo. Pombe ya ndizi, kasiksi, niliiona siku za mahari na za matanga tu, na sisi wasichana tulipewa povu. Vita ya Wazungu ilipokwisha, shangazi yangu Mama Bernadeta alikuja kunichukua. Mume wake alichimba mawe ya bati huku msituni, na yeye alitafuta msichana wa kumsaidia kazi. Mama yangu alidhani ni kazi ya kulima na kupika chakula.

Shangazi alipika lutuku, pombe kali ya mihogo na mahindi. Huchemshwa katika pipa, mvuke wake hupita katika bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, kisha hutoka tone kwa tone. Serikali iliikataza, kwa hiyo tuliipikia porini, karibu na kijito. Mimi nilionja matone ili kujua kama yana nguvu, kisha nikapeleka chupa kambini kwa wachimbaji.

Desturi yetu mnaijua. Anayetoa kinywaji hunywa kwanza, mgeni akimtazama, ionekane kwamba hakuna sumu. Mchimbaji hapokei kikombe ambacho muuzaji hajakigusa. Basi kila kikombe nilichouza nilikinywa kidogo, na vikombe vilikuwa vingi.

"Dada Zawadi, onja kwanza," walisema. "Ao leo umetuletea ya kuua?"

"Kama njo ya kuua, tutaenda pamoja," nilijibu, nao wakacheka.

Hakuna aliyeniita mlevi. Walinisifu kwamba nina adabu.

Kwanza hamu ya chakula ilikwisha. Halafu mikono ilianza kutetemeka asubuhi, nikawa naonja kabla wateja hawajafika. Kijana mmoja wa kambi alinipa mimba, kisha akahamishiwa mgodi mwingine, hakurudi. Mtoto alizaliwa mdogo sana. Nilimwita Riziki. Maziwa yangu yalikuwa machache, na nilipolala sikusikia kilio chake.

Habari ilimfikia mama. Alikuja kwa lori, akamalizia kwa miguu katika matope. Alinikuta nimelala mchana, mtoto amelowa kando yangu. Hakunigombeza. Alimwosha Riziki, akamfunga mgongoni.

"Nabeba mutoto," alisema. "Wewe utakuja kumutafuta siku utakuwa muntu."

Tangu siku ile nilikuwa na neno moja tu kichwani, kumrudisha Riziki. Na kila lilipokuja, nililizima kwa lutuku. Macho yakawa ya manjano. Nilitapika, na mara nyingine katika matapishi mlikuwa na damu. Miguu ilivimba. Asubuhi nilipofumbua macho nilisikitika kwamba nimeamka.

Nilijaribu kuacha peke yangu. Usiku wa pili niliona siafu wakipanda ukutani na kuingia katika nguo zangu. Mwili ukakakamaa, nikauma ulimi. Jirani walisema ni pepo. Shangazi, kwa kunihurumia, alinimiminia lutuku kinywani, na kutetemeka kukatulia. Kuanzia hapo kila mtu aliamini kwamba lutuku ndiyo dawa yangu. Shangazi mwenyewe aliniletea kikombe kila asubuhi kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Nilipoanguka tena, wachimbaji walinibeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka hapa. Daktari alininusa, akasema, "Huyu ni mlevi tu. Arudi kwao." Papa Alfonsi aliomba nibaki. Alinipa maji, chakula na dawa, akaniambia kwamba aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla bila kuangaliwa anaweza kufa. Nilipoweza kukaa, alivuta kigoda, akawa anakunja bendeji huku anaongea nami.

"Unakunywaka juu ya nini, binti yangu?"

"Juu ya wateja, Papa."

"Na wateja wakisha kwenda kulala?"

Niligeukia ukuta. Kesho yake alivuta kigoda kile kile, akakunja bendeji zake. Nikasema, "Juu nisifikiri mutoto."

"Basi uko na magonjwa mbili," alisema. "Ya mwili nitaitunza. Ingine ile inaomba useme, na mimi niko na masikio."

Katika kitanda cha pili kulikuwa na kijana mchimbaji, Bahati, aliyekunywa na kuvuta bangi tangu kaka yake afunikwe na udongo mgodini. Papa Alfonsi alituweka pamoja tuzungumze. Bahati alitaniana nami sana. "Dada, sisi ni wanafunzi wa kutetemeka," alisema akishika kikombe cha uji kwa mikono miwili. "Wewe njo wa kwanza darasani." Alipona kabla yangu, akarudi kambini, kwa maana hakuwa na mahali pengine. Kabla sijatoka tuliletewa maiti yake. Alikuwa amelewa, akaanguka katika kijito chenye maji ya kufika magotini.

Mimi nilirudi Muheto. Ukoo ulifurahi, ukafanya kama tunavyomfanyia mtu aliyerudi kutoka kifoni: mtungi wa kasiksi katikati ya ua, mirija ndani yake. Mjomba aliyeitoa alinywa kwanza, kisha akaninyooshea mrija. Kuukataa ni kumwambia mwenye pombe kwamba ametia sumu. Harufu ilinijaa kichwani. Riziki alikuwa mgongoni kwa mama.

"Mujomba, unisamehe," nilisema. "Niko mugonjwa wa pombe. Nikionja, sitasimama tena."

Mtu mmoja alicheka. "Kasiksi haiue muntu, inamufundisha kuimba tu."

Mjomba hakucheka. "Zawadi, unatuona sisi ni walozi?"

Ndipo mama, ambaye sijawahi kumwona akinywa, aliupokea mrija, akavuta, akameza.

"Nimekunywa kwa fasi yake," alisema. "Mwenye kuwa na neno, aniulize mimi."

Hakuna aliyemuuliza. Lakini mpaka leo mjomba hapokei chakula kutoka mkononi mwangu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Papa Alfonsi, namshukuru mama. Nyinyi vijana, msiache peke yenu katika kibanda, njoni hapa. Semeni jina la ugonjwa wenu kabla hamjapewa mrija. Na nyinyi wazazi mnaokuja kuwachukua, siku ya kuwapokea pikeni uji. Msiwaulize kama wamepona. Mimi mihogo ikilowekwa mahali ikanukia kama lutuku, nageuza njia, na kuna siku nageuza nikilia.

Riziki anamwita bibi yake mama. Mimi ananiita dada. Mama bado analala naye, na nikiuliza ananijibu, "Ungojee."

Kabla sijaja huku, aliniachia mtoto asubuhi nzima, akaenda shambani. Tulichambua maharagwe, mimi na Riziki. Mama alirudi mapema, jembe begani, akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa. Aliinama, akanusa kinywa changu. Kisha akaliweka jembe chini, akaenda kuosha miguu.