Paka Wanene wa Kichochoroni Kwetu

Paka wa kichochoro chetu, hapa Mji wa Kale, walianza kunenepa mjukuu wangu alipoanza kukonda.

Sikufahamu mpaka nilipomwona mmoja aguguna paja la kuku wa kupaka. Kuku wangu! Nilimpaka tui kwa mkono wangu, nikampelekea Lamis kitandani.

Lamis anatibiwa saratani ya titi. Daktari alikuwa ametuonya: "Akipungua tena, dozi ijayo tutaiahirisha."

Basi nikapika. Pilau, mchuzi wa nguru, kuku. Sahani zarudi tupu, na mtoto azidi kwisha.

Nani amwibia mgonjwa chakula?

Moyo ukanituma chini. Ghorofa ya chini akaa Mejumaa, mke mwenzangu. Bwana alikufa zamani, ugomvi akatuachia. Na kila nikienda sokoni Marikiti, Mejumaa hupanda ngazi kimyakimya.

Nikamvizia. Nikamkuta ngazini, na bakuli limefunikwa.

"Mwanamke huna haya! Wamtupia mjukuu wangu chakula?"

"Mimi nitupe kuku? Kuku nimwonaye Idi kwa Idi?" Akanicheka. "Nipishe, bakuli lapata moto."

"Una nini humo? Uchawi?"

"Ningekuwa na uchawi, ungekuwa bado wasimama hapo?"

Nikampokonya bakuli, nikamwaga kilichomo kichochoroni. Paka wakaja mbio. Mlango wa ngazi nikautia komeo.

Siku ya kliniki Lamis akapanda mizani. Daktari akatikisa kichwa. Dozi ikaahirishwa.

Nikamlaani Mejumaa palepale kwenye benchi, watu wakageuka. Lamis akanishika mkono.

"Nyanya, mtupaji ni mimi."

"Wewe?"

"Tangu nianze dawa, kila kitu kina ladha ya chuma. Harufu ya vitunguu ikinifikia tu, natapika. Nilikuona wajitesa jikoni, nikaona haya kukwambia. Nilikuwa nikikimwaga chakula dirishani."

"Na Mejumaa?"

"Aliniuliza, nini kinashuka kooni? Nikamwambia kitu baridi, kisicho na harufu. Akawa aniletea kastadi ya mayai, anilisha kwa kijiko cha plastiki, kidogo kidogo. Ndiyo iliyokuwa ikinishikilia. Ulipofunga mlango..."

Tuliporudi nikashuka chini. Mlango ule sikuwahi kuugonga tangu Bwana azikwe.

"Hodi."

"Nani?"

"Mke mwenzio."

"Umekuja kumwaga nini?"

"Nimekurudishia bakuli."

Kwetu bakuli la mtu hatulirudishi tupu. Nilikuwa nimelijaza mayai. Mejumaa akayatazama, akanitazama.

"Wataka nimpikie mjukuu wako, au mtaa mzima?"

Nilikuwa nalia.

"Na lile komeo?"

"Nimeling'oa."

Dozi Lamis amepewa juzi. Mejumaa bado ana ulimi mchungu, na mimi wangu sijaumeza.

Lakini wewe mwenye mgonjwa ndani, kabla hujawasha jiko muulize: leo nini kinashuka? Mimi sikuuliza. Nililisha paka.